Mizani ya Forodhani

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee wetu. Katika miaka yangu thelathini na moja ya ualimu niliisema methali hii darasani mara nyingi, na kila mara niliieleza kama ilivyozoeleka: mtu afanyaye kazi nyumbani kwao hapotezi, watu wake watamtuza. Sikupata kujiuliza upande wa pili wa jambo. Mtu akienda kucheza kwa wengine, atatuzwa na nani? Na kabla hajatuzwa, atathibitishaje kwamba ngoma yake ina faida kwa wenyeji wa uwanja? Swali hili lilinijia jioni moja nikiwa Forodhani, na tangu siku hiyo halijaniacha.

Mimi ni mtu wa Mji Mkongwe. Tangu nilipostaafu nina ada ya kwenda Forodhani baada ya sala ya alasiri, kabla wauza mishikaki hawajawasha taa zao na kabla wageni hawajajaa. Hukaa kwenye ukuta wa bahari nikawatazama vijana wakijirusha majini kwa mbio, mmoja baada ya mwingine, huku wakipigiwa makofi. Jioni hiyo simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa kijana niliyemsomesha baiolojia zamani, ambaye sasa yuko Marekani, katika jimbo la Maine. Aliandika: "Maalim, shikamoo. Nina jambo la kukuomba. Ukiniambia hapana, nitaelewa."

Kwanza nimweleze kijana huyu, ndipo msomaji aelewe ombi lake. Ni mtoto wa mtaani kwetu. Mama yake mzazi ni mtu wa Paje, na kama wanawake wengi wa pwani ya mashariki ya Unguja amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kuwa cha biashara, mwaka 1989. Wanaojua kazi hiyo wanajua taabu yake. Mwani huvunwa maji yakitoka, wakati wa bamvu, ukabebwa mabegani ukiwa mzito wa maji ya chumvi, kisha ukaanikwa juu ya makuti au juu ya mchanga. Ikinyesha mvua kabla haujakauka, daraja lake linashuka na bei yake nayo. Masika mwanamke anaweza kufanya kazi ya wiki mbili ikaharibiwa na mvua ya saa moja.

Kijana alisoma uhandisi Dar es Salaam, akapata nafasi ya shahada ya pili Marekani. Alipokuja nyumbani kufanya utafiti wake, hakwenda mbali. Alikwenda Paje kwa mama yake, akatengeneza vichanja sita vya fito, akavifunika kwa nailoni ipitishayo mwangaza, akaacha matundu chini na bomba juu ili hewa ya moto ipande na kutoka na unyevu. Mimi nilikuwa nimekwisha staafu, akaniomba niwe mwandishi wake. Kwa misimu miwili ya masika nilikwenda Paje na daftari na mizani ya mkono, nikapima mwani ulivyoingia na ulivyotoka. Wanawake waliohusika walikuwa ishirini na wawili. Mwani uliochukua siku nne au tano kukauka nje, ndani ya vichanja ulikauka kwa siku mbili, nao haukuwa na mchanga. Mwaka wa pili upepo wa kusi ukachana nailoni za vichanja vitatu, na havikutengenezwa tena.

Sasa yuko Maine. Huko nako wanalima mwani, wa namna nyingine, ule mpana wa maji ya baridi. Hupandwa majani yanapoanza kupukutika na kuvunwa majira ya kuchipua, wakati wavuvi wa kambakoche hawana shughuli nyingi. Shida yao ni ndugu wa shida ya Paje: mwani ukishatolewa majini huharibika upesi, na hali ya hewa ya huko majira hayo ni ya ubaridi na mvua. Wamarekani wanakula mwani mwingi, lakini sehemu kubwa hutoka ng'ambo, hasa Asia. Kijana amebuni kikaushio kidogo cha kuburutwa kwa gari, cha kuwekwa gatini mkulima mdogo anapotia nanga. Anataka kufungua kampuni. Na ili akae afungue kampuni, anahitaji ruhusa ya kuishi.

Hapo ndipo ulipokuja msamiati ambao sikuwa nimeusikia. Katika sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1990, watu wanaopewa ukaazi kwa ajili ya kazi wamegawanywa madaraja. Daraja la pili ni la wenye shahada ya juu, au wenye uwezo usio wa kawaida katika sayansi, sanaa au biashara. Kwa kawaida mtu wa daraja hilo hutakiwa awe na mwajiri, na mwajiri aonyeshe kuwa hakumpata mtu wa huko wa kuifanya kazi ile. Lakini mtu anayetaka kujiajiri, na kuajiri wengine, atamleta mwajiri gani? Kwa watu wa namna hii sheria imeacha mlango mdogo. Sharti la mwajiri linaweza kusamehewa ikiwa kusamehe huko ni kwa maslahi ya taifa.

Maslahi ya taifa ni nini? Sheria yenyewe haikusema. Uamuzi wa mwaka 1998 uliyafasiri kwa ukali. Kisha Desemba 2016 ukaja uamuzi mwingine, unaojulikana kwa jina la Dhanasar, ukaweka vipimo vitatu. Kwanza, kazi anayokusudia mwombaji iwe na thamani kubwa na umuhimu wa kitaifa. Pili, yeye mwenyewe awe katika hali ya kuweza kuiendeleza. Tatu, mambo yote yakipimwa pamoja, nchi ifaidike kwa kumsamehe lile sharti. Uamuzi huo unasema pia kwamba umuhimu wa kitaifa haupimwi kwa ramani. Shughuli ya mji mmoja inaweza kuwa na umuhimu wa taifa zima, tuseme ikiwa inaweza kuajiri watu wengi katika sehemu iliyodidimia kiuchumi. Linaloulizwa ni kama faida itavuka ukuta wa duka, iwafikie watu ambao si wateja wa mwombaji wala washirika wake.

Niliusoma uamuzi huo mwenyewe, maana kijana aliniletea. Nilisoma kwa utulivu mpaka nikafika mahali pamoja nikaweka karatasi chini. Mwombaji katika shauri lile alikuwa mtafiti wa uhandisi wa anga, na vilevile mwalimu. Utafiti wake juu ya vyombo viendavyo kasi mara nyingi kupita sauti ulionekana kuwa na umuhimu wa kitaifa, na ombi lake likapita. Ama kufundisha kwake, waamuzi walikubali kwamba ni kazi yenye thamani kubwa, lakini hakukuwa na ushahidi kwamba kufundisha wanafunzi wake kungeathiri elimu ya sayansi kwa upana. Basi nikafikiri: miaka thelathini na moja ya chaki, na mimi ningepimwa hivyo. Ana thamani, hana umuhimu wa kitaifa. Nakiri niliona uchungu kidogo, kisha nikacheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananipima mimi.

Ombi la kijana lilikuwa hili: niandike barua ya ushahidi juu ya kazi ya Paje. Ili kunirahisishia, mtu mmoja aliyekuwa akimsaidia kupanga nyaraka zake alikwisha andaa rasimu, iliyobaki ilikuwa saini yangu tu. Nikaisoma. Ilisema kwamba kijana "ameleta mapinduzi katika sekta ya mwani ya Afrika Mashariki" na kwamba uvumbuzi wake "umebadilisha maisha ya maelfu ya wanawake."

Ndugu msomaji, mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Walikuwa ishirini na wawili.

Hapa ndipo penye swali la kimaadili, na si swali jepesi kama linavyoonekana. Mtu anaweza kusema upesi: uongo ni uongo, usitie saini. Lakini fikiri. Huyu ni mtoto niliyemwona akisoma kwa taa ya chemli. Kazi yake ni ya kweli na uwezo wake ni wa kweli. Barua za wengine nazo, bila shaka, zimepakwa asali. Yule atakayeleta barua isiyo na asali ataonekana hana lolote. Katika soko ambalo kila mtu anapandisha bei kabla ya mapatano, anayetaja bei ya haki tangu mwanzo ndiye anayepunjwa. Kukataa kwangu kungekuwa usafi wa nafsi yangu, lakini gharama angelipa yeye.

Nilipokwama nilirudi kukaa mahali pangu Forodhani, na safari hii jina la mahali penyewe likanipa la kufikiri. Forodha ni mahali pa ushuru. Kabla ya kuwa bustani, kabla ya ile iliyoitwa Jubilee Gardens, ufuo huu ndio uliokuwa ukishusha shehena, zikapimwa na kutozwa. Hapa ndipo mji wetu ulipokuwa ukimwuliza kila afikaye: umeleta nini, na kina thamani gani?

Wamarekani nao walipita hapa. Septemba 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani. Raia wao waliruhusiwa kuingia bandari zake zote na kufanya biashara, na walichotakiwa kulipa ni ushuru wa asilimia tano kwa mali waliyoshusha. Mwaka 1837 akaja balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo lugha yetu inakiita merikani. Walichukua pembe na sandarusi. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said liitwalo Sultana likafika New York, likiongozwa na Ahmad bin Naaman. Hakuna aliyewauliza watu wa Salem kazi yao ina umuhimu gani kwa taifa la Unguja. Walilipa tano katika mia, wakapita. Nilipomwambia kijana habari hizi kwa simu alicheka sana, akasema: "Maalim, niandikie na hiyo, labda watanitoza asilimia tano na mimi."

Lakini haifai kuipamba historia. Mizani ya Forodha haikupima pembe na karafuu tu. Watumwa nao walihesabiwa na kutozwa ushuru kwa kichwa, mpaka mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku biashara ile ya baharini na soko la Mkunazini likafungwa. Silinganishi dhiki ile na fomu za uhamiaji, hazilinganiki. Ninachosema ni kwamba mji wetu unajua, kuliko miji mingi, hatari ya kumweka mtu mizanini na kumtajia thamani yake. Kwa hiyo nilipenda kuona kwamba sheria ile, kwa maneno yake, haimpimi mtu. Inapima kazi anayokusudia kuifanya. Tofauti hii ni ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha swali la haki na swali la fedheha. Mtu anayekataliwa hapaswi kuambiwa, na yeye asijiambie, kwamba yeye si kitu.

Tena kuna tatizo la wakati. Faida ya jambo kwa nchi mara nyingi huonekana baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 19 miche ya mikarafuu ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na mapokeo yanamtaja Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil, kuwa ndiye aliyeileta. Hebu mfikirie amefika Forodhani na miche yake, karani anamwuliza: thibitisha umuhimu wake kwa taifa. Angeonyesha nini? Majani machache ndani ya udongo. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Haukupita muda mrefu zao hilo likawa uti wa mgongo wa visiwa hivi, na yeye mwenyewe akanyang'anywa mashamba yake na Sayyid Said. Aliyeleta faida na aliyeipata hawakuwa mtu mmoja.

Na ipo kumbukumbu iliyo karibu zaidi, ambayo wazee wenzangu hawaizungumzi kwa sauti. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi waliondoka visiwani, miongoni mwao walimu, makarani na wauguzi. Kwa wakati ule walionekana si wa lazima. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alitwaa madaraka Oman, akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Wengi wa asili ya huko waliotoka Unguja na Pemba walifika na elimu yao ya skuli zetu, wakashika kazi maofisini na mahospitalini. Mtu ni yule yule na kalamu ni ile ile. Taifa moja lilimpima likamwona mwepesi, jingine likamwona mzito. Mizani haisemi tu uzito wa kilichowekwa. Husema pia haja ya mwenye mizani.

Pamoja na hayo, siwezi kuwalaumu wenye nchi kwa kuuliza. Nasi tunauliza. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2015 juu ya ajira za wageni inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba amejitahidi kumtafuta Mtanzania kabla ya kumchukua mgeni, na tunaona ni haki. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni amekuja na nini, madhali anauliza kwa adabu na anasikiliza jibu. Wala swali lenyewe si baya kwa anayeulizwa. Wangapi kati yetu tumefanya kazi miaka mingi bila hata mara moja kulazimika kusema kwa maneno: kazi hii inamfaa nani, zaidi yangu na bwana wangu?

Basi nikaamua. Sikutia saini ile rasimu. Niliandika barua yangu mwenyewe, ukurasa mmoja. Nilisema vichanja sita, wanawake ishirini na wawili, misimu miwili, siku mbili badala ya nne au tano. Nilisema pia kwamba vitatu vilichanwa na upepo. Nikaitia saini, nikaituma, na usiku ule nililala vizuri. Nilijiona mtu mwadilifu.

Miezi ikapita. Jawabu lilipokuja, lilikuwa la kukataliwa. Thamani ya kazi yake waliikubali. Walichosema ni kwamba ushahidi haukuonyesha kuwa faida yake itavuka mipaka ya kampuni yake na wateja wake. Kijana alinipigia simu. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Aliniuliza hali ya miguu yangu, akaniuliza habari za mtaani, kisha akasema kwa taratibu: "Maalim, uliandika ukweli. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa mdogo."

Nilikasirika. Nikajibu moyoni kwamba ukweli hauna udogo wala ukubwa, ama ni ukweli ama si ukweli. Nilikaa na hasira hiyo siku mbili tatu. Lakini ualimu una faida moja, humzoesha mtu kulirudia swali alilolijibu vibaya. Nikajiuliza: je, nilichokiandika ndicho nilichokijua chote?

Hapana. Nilikuwa najua jambo moja ambalo sikuliandika. Mwaka mmoja baada ya majaribio yetu, nikiwa njiani kwenda kuzika Jambiani, niliona uani kwa watu kichanja cha fito kilichofunikwa nailoni, chenye bomba juu. Nilikitazama, nikatabasamu, nikapita. Katika barua sikukitaja kwa sababu hakikuwa katika daftari langu, na kwa sababu, niseme kweli, nilikuwa nimeshughulika mno na kukataa uongo wa yule mwandishi wa rasimu. Nilijilinda nisizidishe, sikujali kwamba ninapunguza. Na kumbe lile nililolipunguza ndilo hasa lililokuwa likiulizwa: je, faida imewafikia wasiohusika?

Hapo nikaelewa kwamba mkweli anaweza kuwa mvivu. Tunaofundishwa kuogopa uongo huwa tunadhani ukishauepuka umemaliza wajibu. Lakini ushahidi ni amana. Anayepunja mizani amekosa, na anayemimina nusu ya kilichomo kapuni akasema ndiyo yote, naye hakutimiza. Mimi sikutia saini uongo, Alhamdulillahi. Ila nilimpa kijana wangu kipande cha ukweli kilichotosha kunisafisha mimi, hakikutosha kumsaidia yeye.

Asubuhi moja nikapanda daladala kwenda pwani ya mashariki, na daftari jipya. Nilikwenda siku nne, kwa sababu miguu hainiruhusu kwenda zaidi kwa mfululizo. Nilitembea Paje, Bwejuu na Jambiani, nyumba kwa nyumba, nikibisha hodi. Nilihesabu vichanja vya namna ile thelathini na saba. Vingine vimerekebishwa vizuri kuliko vyetu: bomba limefupishwa, na nailoni imefungwa kwa kamba za mwani zilizochakaa ili upepo wa kusi usiichane. Seremala mmoja wa Jambiani aliniambia yeye pekee ametengeneza tisa. Mama mmoja nilimkuta akigeuza mwani wake ndani, nikamwuliza nani aliyemwonyesha kitu kile. Akasema: "Kuna watu wa Paje walifanya, nasi tukaiga." Nikamwuliza aliyekianzisha ni nani. Akanitazama kama ninayeuliza nani aliyeanzisha jiko la mafiga. "Simjui," akasema.

Neno hilo nililiandika kwenye daftari kama lilivyo. Simjui. Katika zile kurasa zote za kijana, za shahada na barua na mahesabu, sidhani kama lilikuwemo lililo bora kuliko hilo. Kazi iliyofika mahali ambapo jina la mwenyewe halikufika, hiyo imevuka ukuta wa duka. Na nilirudi mjini nikiwaza vilevile juu ya walimu, kwamba nasi huenda ushahidi wetu ni wa namna hiyo: mtu anajua jambo, hakumbuki nani aliyemfundisha.

Barua ya pili ina kurasa tatu. Ina hesabu, ina majina ya vijiji, ina maneno ya yule seremala kwa ruhusa yake. Bado inasema kwamba vitatu vyetu vilichanwa na upepo, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini wengine waliboresha. Haina neno mapinduzi wala neno maelfu. Ombi jipya limekwisha pelekwa, na jawabu halijaja. Likija la kukataa, nitahuzunika, lakini sitasema tena kwamba nilikuwa mwadilifu wakati ule wa kwanza.

Na ipo huzuni nyingine ambayo siwezi kuiweka katika barua yoyote. Ili kuithibitishia nchi ya watu kwamba kazi ya kijana wetu ina manufaa, ilinibidi nitembee vijiji vitatu nikahesabu manufaa yaliyokuwepo hapa hapa, mbele ya macho yetu, siku zote. Hakuna kwetu aliyeyahesabu. Mimi mwenyewe nilikiona kichanja cha kwanza nikapita. Tunasema mcheza kwao hutuzwa; lakini tuzo haiji wenyewe wakiwa wameangalia kwingine. Jioni ile niliporudi Forodhani kukaa ukutani, vijana walikuwa bado wanajirusha baharini. Nikajikuta nawatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikawauliza majina yao.